Miezi ya Kusafiri Masisi

Mtu wa Goma akinipigia simu kuuliza, "Mama, nije lini Nyamitaba?" namjibu kwa swali: unakuja na nini, na lazima urudi lini? Mwenye begi mgongoni juu ya pikipiki, na mwenye magunia ya kushusha, hawana mwezi mmoja wa safari hata kama njia yao ni moja. Mimi nanunua maharagwe na viazi huku kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, nikavipeleka Goma. Kazi hii imenifunza kutazama ardhi kabla ya kutazama mawingu.

Majira yenyewe yanaeleweka. Jua huvuka ikweta mwezi wa tatu na tena mwezi wa tisa, na ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata nyuma, ukatupita ukienda na ukirudi. Hivyo mvua hutushika kuanzia Septemba, ikapungua Januari na Februari, ikarudi kwa nguvu Machi hadi Mei. Juni ukanda huo umeshakwenda kaskazini, pepo kavu za kusini-mashariki zimechukua zamu, nasi tunapata kiangazi kirefu mpaka Agosti.

Mashamba hufuata hesabu hiyohiyo. Maharagwe ya sezoni A hupandwa Septemba na kuvunwa kuanzia Desemba. Ya sezoni B hupandwa mvua za mwaka mpya zinapoanza, yakavunwa Juni. Basi barabara hukauka wakati kila nyumba ina kitu cha kuuza. Ni neema, ila magari yote hushuka pamoja na bei ya Goma huanguka. Wenzangu wengine huweka mzigo wakingoja Aprili au Novemba, bei ipande. Hukuta nauli ya gari nayo imepanda, na gunia likilowa siku tatu njiani, maharagwe huanza kuota humohumo ndani. Mimi huuza Julai kwa bei ndogo, na sijutii.

Sasa ardhi. Karibu na Sake unapita juu ya mawe ya Nyamulagira, volkano iliyomwaga moto kuanzia 1938 hadi 1940 mpaka ukafika Ziwa Kivu. Mawe hayo yana nyufa, maji huzama, na muda mfupi baada ya mvua njia inapitika. Ukianza kupanda kuelekea Mushaki, mambo ni mengine. Hapo ni udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji na kushika tairi. Fuso moja likilala kwenye kona, yote yaliyo nyuma yake yanalala pia, na abiria wanatafuta mahali pa kupikia. Mvua ya siku moja huko inaweza kudai siku mbili tatu za jua. Ndiyo maana nikipanga safari siulizi mvua ilinyesha mara ngapi. Nauliza jua limewaka siku ngapi tangu ile ya mwisho.

Ukiendelea mpaka Walikale unateremka kuingia msitu mkubwa, ambako mvua haina likizo. Kiangazi cha kule maana yake ni mvua kupungua tu, na miti huifunika barabara hata jua likiwaka lisiifikie. Aliyeona vumbi Sake asidhani vumbi hilo litamsindikiza mpaka Walikale.

Wala si milimani na msituni tu: hata jangwani, msafiri hupanga kwa kuyahofia maji. Chalbi, kule Marsabit kaskazini mwa Kenya, ni kitanda cha ziwa la kale lililokauka. Wakati wa ukame magari hukimbia juu yake kama kwenye sakafu. Mvua ikinyesha, udongo ule wa chumvi hugeuka tope, na njia hufungwa katika nchi ambayo wengi wetu tunaifikiria kwa kiu peke yake.

Katika masika yetu, saa ina uzito zaidi kuliko tarehe. Mara nyingi asubuhi huwa safi, mawingu hujikusanya mchana, na mvua hushuka alasiri. Waendesha pikipiki wanalijua hilo, huondoka kabla ya saa kumi na mbili. Ukifika kwenye kilalo, yaani daraja la magogo, shuka, tembea, kagua mbao. Na mto usiuamini kwa sababu pale uliposimama hakunyeshi. Maji yake yanatoka juu. Mei 2023, huko Kalehe, mito iliteremka na matope na mawe ikafagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mwezi wa tano tunajiona tumeshaimaliza mvua, kumbe udongo umeshiba na hauna pa kuyaweka maji mengine.

Utabiri wa MettelSat, shirika la taifa la hali ya hewa, nausikiliza, lakini Masisi kilima kimoja hulowa huku kwenye cha jirani watu wakianika maharagwe. Kwa hiyo namtafuta shofa aliyeshuka jana, namuuliza kona kwa kona. Habari za usalama ni jambo jingine: huulizwa asubuhi ileile ya kuondoka, na jibu likiwa baya, safari inaahirishwa hata kama ni Julai na jua linawaka.

Mwenye nafasi ya safari moja kwa mwaka, kwa Nyamitaba achague Julai. Akishindwa, Januari ikielekea mwisho. Kwa Walikale ni Julai hiyohiyo, ila aombe kazini siku za ziada, na asilipe nauli ya mzigo kabla hajaona kwa macho yake turubai limefungwa pande zote.