Tingatinga Baada ya Tingatinga
Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Hakusomea sanaa popote. Alichukua hadibodi, akaipaka rangi moja, kisha akachora chui au tembo aliyekaribia kuijaza yote. Mwisho yakafuata madoa na mistari. Rangi zake zilikuwa za kopo, zinazong'aa, zile zile za kupaka baiskeli.

Picha ziliuzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Wanafunzi wake walikuwa wachache, zaidi jamaa zake. Ajaba Abdallah Mtalia alikuwa mmojawapo. Mwingine, Simon Mpata, alihamia Nairobi. Hao nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji.

Warithi wamepanua uwanja: leo huchorwa pia masoko, hospitali na mashetani, tena kwa msongamano ambao mwalimu hakuwa nao. Kunakili nako kumekithiri, na picha nyingi za kuuzia watalii ni dhaifu. Hata hivyo, mtindo wote bado unaitwa kwa jina lake.