Chombo cha EFI Kinapomisi Mwakitolyo

Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, pikipiki haipumziki. Alfajiri inapeleka watu maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, mchana inabeba viroba vya mawe kwenda makarasha, jioni inamrudisha mama lishe na masufuria yake. Nyingi ni Boxer, TVS, Fekon na ndugu zao, zenye kabureta ambayo kila fundi wa chini ya mti anaifungua huku akipiga soga. Lakini duara likitema vizuri, mwenye bahati hapendi kupanda kile ambacho kila mtu anapanda. Anatafuta Honda au Yamaha kubwa kidogo, iliyokwisha kutumika ng'ambo miaka kumi au zaidi, yenye stata laini na rangi inayong'aa. Kabureta haina. Ni ya EFI: petroli yake inapulizwa kwa amri ya kompyuta.

Ikiwa nzima, hakuna wa kuigusa. Kasheshe huanza siku inapokataa kukaa sailensa, ikavutwa mafuta ikasita, ikapiga baruti kwenye ekzosi na kuzimika katikati ya mlima wa kifusi.

"Fundi, chuma kinamisi."

"Hiyo kompyuta, bosi wangu. Katafute kontroboksi Mwanza."

Hapo mwenye chombo ameshahukumiwa bila kusikilizwa. Kontroboksi la chombo kama hicho ni ghali, halirudishwi dukani likishafungwa, na kwa vile hakuna aliyepima kitu, uwezekano mkubwa ni kwamba litafungwa na chombo kitaendelea kumisi. Katika pikipiki kuukuu za EFI, kontroboksi ndilo mtuhumiwa wa kwanza na ndilo lenye hatia mara chache kuliko kifaa kingine chochote. Makosa mengi huingia kutoka nje: kwenye tangi, kwenye eya klina, kwenye betri na kwenye waya.

Sababu iko kwenye jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Kabureta hufyonza petroli kwa nguvu ya hewa inayopita, basi. EFI ina pampu ya umeme ndani ya tangi inayosukuma petroli hadi kwenye nozeli. Kwenye Honda nyingi ndogo mgandamizo wake ni karibu kilopaskali 294. Sensa zinaliambia kontroboksi injini ina joto gani, mlango wa hewa umefunguka kiasi gani, hewa inayoingia ina mgandamizo gani na kranki imefika wapi. Kontroboksi linapiga hesabu, kisha linafungua nozeli kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Likipewa taarifa mbovu litapiga hesabu sahihi ya kitu kibovu, nasi tutalilaumu.

Teknolojia hii si ngeni. Kawasaki waliuza pikipiki ya EFI, Z1000-H1, tangu mwaka 1980. Kilichoieneza kwenye vyombo vidogo ni sheria za moshi, kwanza Ulaya, halafu India, ambako kiwango kipya kilichoanza tarehe 1 Aprili 2020 kiliwalazimu watengenezaji kuondoa kabureta karibu katika pikipiki zote za soko la ndani. Zinazoletwa kwetu bado nyingi zina kabureta, lakini fundi kijana wa Kahama au Geita anayedhani atamaliza kazi yake bila kukutana na EFI anajidanganya.

Sasa turudi kwenye chombo kinachomisi. Kabla ya spana yoyote, fundi anapaswa kumhoji mwenyewe. Kinamisi kikiwa cha baridi au kikishapata moto? Kikiwa sailensa, au ukivuta mafuta kupanda mlima? Kwenye makorongo tu, au hata barabara ikiwa nzuri? Na kilianza baada ya nini: kuoshwa, kuanguka, kujaza mafuta, kubadilishwa plagi? Swali hili la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi, maana pikipiki iliyomisi jioni ya siku iliyooshwa kwa mashine ya maji ya nguvu imeshataja ugonjwa wake yenyewe: maji yameingia kwenye soketi.

Na iliyoanguka? Hapa kuna kichekesho cha kweli. EFI nyingi zina sensa ya kuinama, inayokata pampu na moto chombo kikilala ili petroli isiwake. Kwenye Honda nyingi, ukikisimamisha hakiwaki mpaka uzime swichi na kuiwasha tena. Watu wameshusha tangi, wamefungua plagi, wamegombana, na kumbe ufunguo haujarudishwa nyuma.

Tuanze na petroli, kwa sababu huku kwetu ndiko yanakoanzia mengi. Zamani ugonjwa mkubwa ulikuwa kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ambayo yalikuwa na ushuru mdogo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha kuweka vinasaba kwenye mafuta ili uchakachuaji ubainike, na bajeti ya mwaka wa fedha 2011/12 ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, faida ya mchezo huo ikapungua. Lakini sheli iko mbali na duara. Katikati kuna kibanda, na kwenye kibanda kuna chupa, na petroli ya kwenye chupa imepitia dumu ambalo pengine juzi lilikuwa na mafuta ya kula, au maji. Kabureta ina skrubu chini ya bakuli: unaifungua, uchafu unamwagika, safari inaendelea. EFI haina huruma hiyo. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, palepale pampu inaponyonyea.

Kipimo chake hakihitaji mtambo. Chukua petroli ya chini kabisa ya tangi, iweke kwenye chupa nyeupe safi, iache itulie. Maji yatajitenga chini. Tone moja liweke kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Kazi hii ifanyike mbali na jiko na mbali na sigara. Nalisema hili kwa sababu vijiwe vyetu vina vyote viwili.

Kuna na tabia ya kununua mafuta ya elfu mbili-mbili. Kwa mwenye hesabu ya bosi kila jioni, inaeleweka. Ila pampu ya EFI hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi likikaa karibu na tupu kila siku, pampu inafanya kazi kwenye joto, inavuta mchanga na kutu ya chini, chujio lake linaziba. Dalili yake inajulikana: chombo kinakaa sailensa vizuri, kinatembea vizuri bila mzigo, ukikipakia kiroba na kupanda mlima kinakosa nguvu kama kimeshikwa shati. Washa swichi bila kuwasha injini, usikilize. Pampu inatakiwa kunguruma kama sekunde mbili, kisha inyamaze. Ngurumo ikiwa dhaifu au ya kukwaruza, pima mgandamizo. Kama hakuna geji, angalau fungua pampu uone chujio lake kabla ya kununua chochote.

Baada ya petroli, umeme. Hapa ndipo mafundi wa kabureta wanapopotea kabisa, kwa kuwa Boxer yenye betri mbovu inawaka kwa kiki na kutembea hadi Kahama. EFI inaihitaji betri kwa pampu, kwa nozeli na kwa akili yake. Betri ikishuka, kontroboksi linajizima na kujiwasha, na anayeendesha anahisi injini inakatakata. Mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya njano inayouzwa kwenye maduka ya redio, ina thamani kuliko boksi zima la spana. Betri iliyotulia isome volti 12.4 au zaidi. Injini ikiwa mbio mbio isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikiwa chini ya hapo, tatizo lako ni chaji. Acha sensa kwanza.

Kisha waya wa ethi. Weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya injini na nyingine kwenye hasi ya betri, chombo kikiwa kinanguruma. Ukiona zaidi ya volti 0.2, pale ethi inapofungwa pana kutu au boliti imelegea. Isugue kwa msasa, ikaze. Nina hakika kazi hii ya dakika kumi imeokoa makontroboksi mengi kuliko duka lolote la spea.

Chombo kinachomisi kwenye makorongo tu kina waya unaocheza. Kiache sailensa, pindua usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Kikizima, waya umekatika ndani ya ganda pale shingoni, ambapo umekunjwa maelfu ya mara. Halafu tikisa soketi moja moja kwa mkono. Soketi yenye ukijani ndani ichomoe, isafishe, ikauke, irudishe.

Plagi nayo ina mtego. Kwenye plagi za NGK, herufi R katika namba yake inaonyesha kuwa ina kizuizi cha umeme ndani. Kwenye kabureta ukifunga isiyo na R huenda usione tofauti. Kwenye EFI, cheche isiyo na kizuizi hutoa mwingiliano unaoweza kulichanganya kontroboksi, na chombo kikaanza kumisi siku ileile plagi mpya ilipofungwa. Soma namba kwenye kitabu cha chombo au kwenye plagi ya zamani, usikubali "hii inaingia tu".

Vumbi la Mwakitolyo linastahili aya yake. Karasha linasaga mawe ya dhahabu, ambayo kwa sehemu kubwa ni kwatzi, na unga wake ni mgumu kuliko chuma kingi kilichomo ndani ya injini. Eya klina ikiziba, injini inakosa pumzi; ikitoboka, unga unaingia na kula silinda. Ya sponji hufuliwa na kupakwa oili kidogo. Ya karatasi kavu hupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Lakini Honda nyingi zina ya karatasi iliyolowekwa oili maalumu kiwandani, na hiyo haipulizwi wala kufuliwa: hubadilishwa. Vumbi likichanganyika na mvuke wa oili hujenga utando mweusi kwenye mlango wa hewa na kwenye kinjia chembamba cha hewa ya sailensa, ndiyo maana chombo kinazima kila ukisimama. Dawa ni kusafisha kwa dawa ya kupuliza na kitambaa laini.

Usiguse skrubu ya kizuizi cha mlango wa hewa. Najua mkono wa fundi wa kabureta unawasha ukiiona. Kwenye EFI nyingi imewekwa kiwandani, na ukiizungusha sensa ya mlango wa hewa inaanza kudanganya toka sifuri. Sasa una magonjwa mawili, wa pili umeuleta wewe.

Mpira unaounganisha mlango wa hewa na kichwa cha injini hupasuka kwa jua na joto la miaka. Hewa isiyopangwa inaingia, mizunguko inapanda na kushuka yenyewe, au ukiachia mafuta injini inachelewa kutulia. Nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira huo chombo kikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Wapo wanaonyunyiza petroli. Waache na bahati yao.

Mpaka hapa hatujafungua sensa hata moja, na vyombo vingi vingekuwa vimeshapona. Vilivyobaki viulizwe vyenyewe. Taa ya injini kwenye dashibodi huhesabu makosa kwa kupepesa. Kwenye Honda mpepeso mrefu ni kumi na mfupi ni moja: saba ni sensa ya joto la injini, nane ni sensa ya mlango wa hewa, kumi na mbili ni nozeli, ishirini na moja ni sensa ya ekzosi. Namba inataja njia nzima ya umeme, yaani sensa pamoja na waya wake na soketi yake, hivyo anayesoma nane akakimbilia kununua sensa amesoma nusu.

Sensa ya joto ndiyo ya kuangaliwa sana kwenye chombo kuukuu kinachokula mafuta, kunuka petroli na kufanya plagi iwe nyeusi kikishapata moto. Ikidanganya kwamba injini ni ya baridi, kontroboksi linamimina petroli ya asubuhi mchana kutwa. Na wakati mwingine taa haiwaki, kwa sababu uongo wenyewe uko ndani ya kiwango kinachowezekana. Pima upinzani wake ikiwa ya baridi, kisha ya moto: lazima ushuke kadiri joto linavyopanda. Usiposhuka, hiyo ndiyo mbovu.

Nozeli ipimwe pia. Nyingi husoma kati ya omu 9 na 14. Ikiziba husafishwa kwa dawa huku ikifunguliwa kwa mapigo mafupi ya umeme. Waya wa kuzibulia jeti za kabureta ukiingia kwenye nozeli, nozeli hiyo imekwisha. Na valvu zisisahaulike, kwani kompyuta haiwezi kuziba valvu ya ekzosi iliyobana. Chombo kinachowaka vizuri asubuhi na kukataa kikiwa cha moto kisetiwe valvu kikiwa baridi, kwa geji, kwa kipimo cha kitabu chake.

Ikiwa yote hayo yamepimwa na umeme unafika kontroboksini, ethi ni nzima, sensa zinasema kweli na bado nozeli au koili haipati amri, hapo ndipo safari ya Mwanza ina maana. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye boksi la zamani, na uulize kama chombo chako kina ufunguo wa chipu. Kama kinao, boksi lililotolewa kwenye pikipiki nyingine bila ufunguo wake halitakiwasha, hata likiwa jipya kama limetoka kiwandani.