Magoti Yanapotetemeka Mbele ya Kipaza Sauti

Katikati ya mazishi, kwaya ikishakaa, msimamizi wa ratiba huita jina: mjukuu wa marehemu aje asome wasifu. Kutoka viti vya plastiki hadi kwenye kipaza sauti ni hatua kumi tu. Lakini mdomo umekauka, moyo unagonga kifua, karatasi inatetemeka, na sentensi aliyoikariri usiku kucha imeyeyuka. Nimeyaona haya Kiminini, nikayaona Kimilili na Chwele. Huniuma kwamba kijana huyo atarudi kitini akiamini ana kasoro.

Hana kasoro. Ubongo ukihisi macho mengi yamemwelekea mtu, husoma hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, damu hukimbilia misuli mikubwa, mate hupungua, pumzi hufupika. Mwili unajiandaa kana kwamba kuna nyoka kwenye mahindi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitafuta njia ya uhakika ya kumfadhaisha mtu mzima maabarani. Walimtaka ahutubie kwa dakika 5 mbele ya majaji wasiotabasamu, kisha afanye hesabu za kutoa kwa sauti kwa dakika nyingine 5. Kortisoli, homoni ya mfadhaiko, ilipanda wazi. Wataalamu wengi duniani wanatumia jaribio hilo hadi leo, kwa kuwa binadamu wachache sana husimama hapo wakiwa watulivu.

Kwetu kuna mzigo wa ziada. Mvulana wa Kibukusu hufundishwa kwamba Agosti ya mwaka wa tohara atasimama mbele ya umati bila kupepesa jicho. Naiheshimu mila hiyo. Ila somo lake limevuka mpaka: fundi hodari mwenye miaka arobaini anakataa uenyekiti wa chama kwa kuogopa kuhutubia, na hathubutu kumwambia mtu sababu. Binti naye huambiwa anyamaze wazee wakiongea, halafu siku ya mahojiano ya kazi tunamlaumu kwamba sauti yake haisikiki.

Dawa nyingi za hofu hii ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mtazame omuswala kumuse, msemaji anayewaliwaza waombolezaji wa Kibukusu baada ya mzee wa heshima kuzikwa. Watu huketi na kumwachia uwanja wazi. Hasimami palepale kama mlingoti. Anatembea, anakwenda na kurudi, na mwendo huo unaitumia ile nguvu ambayo kwako wewe inaishia magotini. Hana karatasi, lakini njia ya hotuba yake anaijua: asili ya watu, safari za mababu, koo, kisha mawaidha kwa walio hai. Hakariri sentensi moja moja, kwa hiyo neno moja likimponyoka hapotei. Zaidi ya yote, ana kazi ya kufanya: kuna mjane mbele yake, kuna wana wanaotazamana kwa mashaka juu ya shamba. Mawazo yake yako kwao. Mwenye hofu hujitazama mwenyewe wakati wote, na hapo ndipo hofu hunenepa.

Tena hujitazama vibaya. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba msemaji hudhani wasikilizaji wanaiona hofu yake yote, kumbe wanaona sehemu ndogo tu. Waliodokezwa ukweli huo kabla ya kusimama walihutubia vizuri zaidi. Moyo unaokupiga wewe kama ngoma, mtu wa safu ya tatu hausikii. Naye Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba anayejiambia "nina hamasa" hufanya vyema kuliko anayejilazimisha kutulia, maana mwili ulioshika moto hauzimwi kwa amri.

Kwa hiyo usingoje hofu iishe ndipo usimame. Toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioivutia. Hilo hupunguza mwendo wa moyo. Itayarishe vizuri sentensi ya kwanza, kisha mtafute mtu mmoja mwenye uso mwema umwambie yeye. Ukikwama, nyamaza kidogo. Kimya cha sekunde tatu kwako ni mwaka, kwa msikilizaji ni koma.

Watu wa Kitale humtaja Michael Wamalwa Kijana, mbunge wa Saboti aliyefariki mwaka 2003 akiwa Makamu wa Rais, na kusema ufasaha wake ulikuwa wa kuzaliwa. Husahau kwamba aliwahi kuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mhadhiri husimama mbele ya watu wiki baada ya wiki, na mazoezi ya namna hiyo ndiyo yanayoufundisha ubongo kwamba umati haung'ati. Kila unapokwepa, unaufundisha kinyume chake.

Naomba pia tuache kutafuta ujasiri kwenye glasi ya chang'aa. Inalegeza ulimi na kuvuruga fikira kwa wakati mmoja. Vidonge vya kupunguza kasi ya moyo navyo si vya kuazimana: mwenye pumu vinaweza kumziba pumzi. Na kama hofu imekufanya uache masomo, ukose kazi au ukwepe watu kwa miezi 6 na zaidi, hiyo ni hali inayotibika. Nenda hospitali ya kaunti uulizie mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili.

Wengine wote tuanze na padogo: maombi ya kufungua mkutano wa chama, taarifa ya mweka hazina, shukrani kwa wageni. Jumapili hii katibu wa kanisa akiuliza nani atasoma matangazo, inua mkono kabla moyo haujapata nafasi ya kukukataza.