Kuisoma Programu Iliyopotelewa na Asili Yake

Wachunguzi wa lugha wamezoea kukutana na nakala isiyo na asili. Utenzi huwafikia kwa mkono wa mnakili wa tatu au wa nne, hali maandishi ya mtungaji yamekwisha kuliwa na mchwa, nao hawana budi kuuliza: mtungaji alisema nini hasa? Makala haya yaeleza kazi iliyo ndugu ya hiyo, ijapokuwa hufanyika mahali ambapo wengi wetu hatukutazamia kuikuta, yaani katika kompyuta kubwa za mabenki, za mashirika ya bima na za ofisi za serikali. Humo zimo programu zilizoandikwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, ambazo hata leo hupiga hesabu za mishahara na pensheni, na baadhi yake maandishi ya kwanza hayapatikani tena.

Yafaa kwanza tupatane juu ya maneno mawili. Asili ya programu ni maandishi aliyoyaandika mtu, kwa lugha ambayo mtu aweza kuisoma. Tafsiri ni amri zile zile zilizokwisha kugeuzwa kuwa namba, nazo ndizo zinazofuatwa na mashine. Kazi ya kugeuza hufanywa na programu nyingine, ambayo katika makala haya tutaiita mfasiri.

Lugha iliyotumika zaidi kwa kazi za biashara ni COBOL. Mwezi wa Mei 1959 ulifanyika mkutano katika jengo la Pentagon, Marekani, ili kutafuta lugha moja ambayo ingefaa kwa mashine za watengenezaji mbalimbali. Maelezo ya kwanza ya lugha hiyo yalitolewa mwaka 1960. Ilifuata kwa sehemu kubwa mfano wa FLOW-MATIC, lugha iliyotungwa na Grace Hopper na wenzake, nayo ilikusudiwa isomeke hata na mtu asiye fundi. Vitenzi vyake ni vya Kiingereza, bali majina ya vitu huchaguliwa na mwandishi. Mswahili aweza kuandika ADD POSHO TO MSHAHARA, na mfasiri asione kosa lolote.

Tarehe 7 Aprili 1964 shirika la IBM lilitangaza mashine zake za System/360. Mashine zilizozifuata, hata hizi za leo, zimeendelea kuzielewa amri zile zile za programu za kawaida. Hapo ndipo faida na hasara zilipozaliwa pamoja. Kwa kuwa tafsiri huweza kutenda kazi miaka mingi bila kuguswa, hakuna anayelazimika kuifungua asili. Mtu huja akatambua kwamba haipo siku anapoihitaji: tepu ilifutwa ili itumike tena, kampuni iliyoandika imefungwa, au karatasi zilitupwa wakati wa kuhama. Wengi waliligundua jambo hilo kabla ya mwaka 2000, walipotaka kurekebisha programu zilizohesabu mwaka kwa tarakimu mbili tu.

Je, tafsiri yaweza kusomwa? Yaweza, lakini kwa taabu. Chukua baiti hizi sita, zilizoandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita kama ilivyo desturi ya mafundi: FA 43 C0 20 C0 30. Baiti ya kwanza, FA, ni amri ya kujumlisha namba za desimali, na biti zake mbili za mwanzo hujulisha kwamba amri nzima ni ya baiti sita. Tarakimu 4 na 3 zaeleza urefu, kila moja ikiwa pungufu kwa moja: namba ya kwanza ina baiti tano, na ya pili baiti nne. Zinazobaki ni anwani, zikihesabiwa kutoka rejista ya 12. Basi maana yake ni hii: chukua namba iliyo mahali pa pili, uijumlishe na iliyo mahali pa kwanza, na jibu uliweke hapo pa kwanza.

Inawezekana kabisa kwamba asili ya amri hii ilikuwa ADD POSHO TO MSHAHARA. Lakini posho liko wapi? Na mshahara uko wapi? Majina yamekwenda. Kilichosalia ni mahali pawili na urefu wa namba mbili.

Shida ya pili itawakumbusha wasomaji hati zetu za zamani za herufi za Kiarabu, ambamo herufi moja ya ba iliweza kusimama badala ya b, p au mb, na msomaji akategemea muktadha. Katika mashine hizi herufi pia huandikwa kwa namba. Neno JINA ni D1 C9 D5 C1. Lakini D5 hiyo hiyo, ikisimama mahali pa amri, ni amri ya kulinganisha herufi. Baiti yenyewe haisemi kama ni herufi, ni amri au ni sehemu ya namba. Kwa sababu hiyo fundi haanzi juu na kushuka mstari kwa mstari. Huanza mahali programu inapoingiliwa, akaifuata njia ya amri na kila njia panda. Palipofikiwa kwa njia hiyo ni amri, na palipobaki yaelekea ni maneno na namba.

Anayo misaada. Kwa desturi ya mashine hizi, programu ikiitwa na nyingine huziweka kwanza rejista zake akibani, kwa amri 90 EC D0 0C. Fundi akiiona hiyo, hujua kwamba amefika mlangoni. Maneno yanayochapwa juu ya ripoti hukaa wazi ndani ya tafsiri, nayo hufichua kazi ya sehemu iliyo karibu. Kila mfasiri ana mazoea yake ya kupanga amri, kama mnakili alivyo na mwandiko wake. Tena programu haikai peke yake: ikiwa programu nyingine husoma faili lile lile, na asili yake ingalipo, humo yatapatikana majina ya sehemu zote za faili.

Hata hivyo kuna lisilorudi. Tuseme fundi amekuta namba ya mtu ikilinganishwa na 060C. Herufi C ya mwisho ni alama ya kujumlisha. Basi hiyo ni 60. Lakini ni sitini gani? Miaka ya kustaafu, siku za kuchelewa kulipa, au dakika za saa moja? Mwandishi huenda aliandika UMRI-WA-KUSTAAFU, na pembeni akaongeza maelezo kwamba sheria ndiyo iliyoamuru hivyo. Mfasiri aliyaacha yote, kwa sababu mashine haikuyahitaji. Siku sheria ikibadilika, sitini moja yapasa kuguswa na nyingine isiguswe. Atakayekosea kuchagua atampunguzia mzee haki yake kila mwezi, wala mashine haitalalamika.

Kwa hiyo tusidanganyike na neno kurudisha. Asili nyingi zaweza kuzaa tafsiri moja, na kinachopatikana ni asili mojawapo iwezayo kuwa, wala si lazima iwe ile ya mwandishi. Kuihakikisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuipitisha kwa mfasiri yule yule wa zamani na kulinganisha matokeo baiti kwa baiti. Zikilingana zote, tafsiri imethibitika, ingawa majina yabaki kuwa ya kubuni. Ya pili ni kuziendesha zote mbili kwa kumbukumbu zile zile na kulinganisha majibu. Njia hii ni nyepesi, ila haishuhudii yale ambayo kumbukumbu hizo hazikuyagusa.

Jaribio hilo la kwanza lafaa pia pale ambapo asili imeonekana kabatini. Haifai kuiamini mara moja. Huenda ni toleo la kale, au huenda mtu aliwahi kuisahihisha tafsiri yenyewe kwa chombo kama AMASPZAP cha IBM, asiandike lolote katika asili. Nakala ya zamani si lazima iwe ndiyo sahihi. Jambo hili wahariri wa tenzi wanalijua vema.

Mwezi wa Aprili 2020, watu wengi wa Marekani walipopoteza kazi kwa ajili ya maradhi ya korona, Gavana Phil Murphy wa New Jersey aliomba hadharani watu wa kujitolea wanaoijua COBOL. Jambo lile lilihusu uhaba wa wasomaji. Kupotea kwa asili ni shida nyingine. Lakini hasara zote mbili zaishia mahali pamoja: amri yaendelea kutekelezwa juu ya watu, na hakuna awezaye kuwaeleza sababu yake.

Yapasa basi asili ya programu ihifadhiwe kama hati ya sheria, pamoja na jina la mfasiri aliyetumika na tarehe, na pamoja na maelezo ya mwandishi. Na pale ilipokwisha kupotea, fundi asiachwe peke yake na baiti zake. Na aketi naye karani wa zamani aliyezitumia ripoti zile, kwani huenda yeye ndiye wa mwisho anayekumbuka ile sitini ilikuwa sitini ya nini.