Seneta Aliyetoka Kampala



Tarehe 20 Agosti 2024 Bibi Mobina Jaffer alitimiza umri wa miaka 75, na kiti chake katika Seneti ya Kanada kikawa kitupu. Hakushindwa uchaguzi, wala hakufukuzwa. Sheria ya nchi hii ndiyo imwondoayo seneta akifikia umri huo, awe na nguvu au hana, apendwe au asipendwe. Waliokuwa wakiteuliwa kabla ya mwaka 1965 waliweza kukaa mpaka kufa kwao. Bibi Jaffer alikuwa amekaa miaka 23, tangu tarehe 13 Juni 2001 alipoteuliwa kwa pendekezo la Waziri Mkuu Jean Chrétien. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuingia katika Seneti hiyo, mzaliwa wa Afrika wa kwanza, na wa kwanza mwenye asili ya Bara Hindi.

Hapa Flemingdon Park wengi wetu hatukumjua, nasi twaona sababu ni nyepesi: hakuwahi kuhitaji kura zetu. Mbunge wa kuchaguliwa hugonga milango ya maghorofa yetu, na picha zake hutundikwa Don Mills Road mpaka mvua izichakaze. Bibi Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika, alipochaguliwa mwaka 2004 katika jimbo la Don Valley East, upande huu huu wetu wa jiji, akawa mwanamke Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Makabwela. Habari zake zilizungumzwa jikoni na misikitini. Za Seneta Jaffer, aliyetangulia kufika Ottawa kwa miaka mitatu, akiwakilisha British Columbia ya mbali, hazikuzungumzwa.

Uteuzi wenyewe si jambo geni kwa watu wa kwetu. Katiba ya Tanzania inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi kumi, naye Rais wa Zanzibar huteua kumi wa Baraza la Wawakilishi. Kenya, kabla ya mabadiliko ya mwaka 1997, Rais aliteua wabunge 12 kwa hiari yake. Na enzi za Mwingereza, kwa muda mrefu, Mwafrika hakuwa na mlango mwingine. Eliud Mathu aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944 kwa kuteuliwa, na machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali wakaingia lile la Tanganyika mwaka 1945 kwa njia iyo hiyo. Ndiyo maana mtu akituambia fulani ni "wa kuteuliwa" tunamwona papo hapo kuwa ni mtu wa mkubwa, aliyetunukiwa kwa utiifu wake.

Dhana hiyo haikukosa msingi hata hapa Kanada, ambako kwa vizazi vingi mawaziri wakuu waliwagawia viti hivyo makada wa vyama vyao. Bibi Jaffer naye alikuwa mtu wa chama. Aligombea ubunge kwa tiketi ya Liberali huko North Vancouver mwaka 1993, na tena Burnaby-Douglas mwaka 1997, na mara zote mbili akashindwa. Anayetaka kusema kwamba alipewa kwa mlango wa nyuma alichokikosa kwa mlango wa mbele hatutamkatalia.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa ambayo wengi hawaizingatii. Nyumbani bunge likivunjwa, mteule huondoka pamoja na wenzake, na kurudi kwake kunamtegemea yule yule aliyemteua. Hapa mkono uliompa seneta kiti hauwezi kukichukua tena. Chrétien alistaafu mwaka 2003, na mteule wake akaendelea kukaa zaidi ya miaka ishirini baada yake. Mwezi Januari 2014 Justin Trudeau aliwatoa maseneta wote 32 wa Liberali katika kundi la wabunge wa chama, Bibi Jaffer akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyepoteza kiti. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema lisilopendeza, ikiwa moyo wake una la kusema.

Je, wake ulikuwa nalo? Alizaliwa Kampala mwaka 1949, katika nyumba ya siasa, kwani baba yake, Sherali Bandali Jaffer, aliwahi kuketi katika Bunge la Uganda. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Bibi Jaffer, aliyekuwa amesomea sheria London, alipitia Uingereza kabla ya kufika Kanada mwaka 1975, akawa wakili huko British Columbia. Alipokwisha kuingia Seneti, serikali ilimteua kuwa mjumbe maalumu wa amani ya Sudan, kazi aliyoifanya kuanzia 2002 hadi 2006. Ni miaka ile ile ya mazungumzo ya Machakos na Naivasha, yaliyozaa mkataba uliotiwa saini Nairobi mwezi Januari 2005.

Lakini kazi yake tunayoithamini kuliko zote ni ndogo kwa umbo. Mwezi Juni 2015 ilipitishwa sheria iliyoitwa, kwa tafsiri yetu, Sheria ya Kutovumilia Kamwe Mila za Kishenzi. Iligusa ndoa za kulazimishwa, ndoa za wake wengi na umri wa kuoa. Hakuna mzazi mwema miongoni mwetu anayetetea kumlazimisha binti ndoa. Kilichouma ni lile jina. Sisi Waswahili neno "mshenzi" twalijua uzito wake, kwa kuwa watu wa pwani walilitumia tangu zamani kumbeza mtu wa bara, na mwenye kutukanwa nalo hakulisahau. Sasa likaandikwa katika sheria ya nchi, na kila mtu alijua linamlenga nani.

Mwezi Desemba mwaka huo huo Bibi Jaffer akaleta mswada, namba S-210, ambao haukugusa kifungu chochote cha adhabu. Ulitaka jambo moja tu, jina lile lifutwe. Seneti iliupitisha, ukapelekwa Bunge la Makabwela. Mbunge mwenye hofu ya wapiga kura angefikiri mara mbili kabla ya kujitwika mzigo ule katika mwaka ambao kuwatisha watu kwa mavazi na ndoa za Waislamu kulikuwa mtaji wa uchaguzi. Yeye hakuwa na uchaguzi wa kuogopa.

Wapo watakaouliza kama mwanamke wa Kihindi wa Kampala, na wa madhehebu ya Ismailia, ni "mwenzetu". Twawakumbusha kwamba hapa Wynford Drive majirani zetu wengi walifika kwa msukosuko ule ule, na kwamba tusi lile halikubagua madhehebu.

Yapo pia maswali ya vijana wetu, kama mtoto wa Grenoble Drive naye anaweza kufika huko. Mwaka 2016 serikali iliunda bodi huru ya kupendekeza majina, na raia akaruhusiwa kuomba mwenyewe. Lakini Katiba ya mwaka 1867 inataka seneta awe na miaka 30 au zaidi, na awe na ardhi au nyumba yenye thamani ya dola 4,000 katika jimbo analoliwakilisha. Kiasi hicho leo hakinunui hata gari bovu, ila lazima kiwe katika ardhi au nyumba, na mpangaji wa ghorofa, hata akiwa na akiba benki, hahesabiwi. Mwaka 1997 alipoteuliwa Sista Peggy Butts wa Nova Scotia, mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara, ilibidi shirika lake la kitawa limwandikishie kipande cha ardhi kwa jina lake ndipo akaweza kuapishwa.