Viza ya Muda, Nyumba ya Kudumu: Mumeo ni Mkazi wa Wapi?

Ukungu wa Tukuyu ulishashuka hadi kwenye migomba, na rafiki yangu wa Bulyaga alikuwa anapakua ndizi za usiku. Shemeji, aliyerudi kwa wiki tatu za Krismasi kutoka Doha, alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu. Ndipo mwenye nyumba akauliza swali lililopoza chakula: “Hivi baba, hizi hela za Qatar unazilipia kodi wapi?”

Shemeji akacheka. “Kule mshahara haukatwi kodi. Na hapa mimi si mkazi, nina viza ya kazi ya nje.”

Mkewe hakucheka. “Wakija kuuliza, nitakayekutwa nyumbani ni mimi.”

Mpenzi msomaji, ni wanandoa wangapi wanapanga kiwanja, harusi na ada za watoto kwa hela ya majuu, lakini hili hawaligusi?

Viza si jibu

Wengi tunadhani mtu akipanda ndege na mkataba wa miaka miwili, basi TRA haimhusu tena. Sivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiangalii viza, inaangalia maisha yako. Wewe ni mkazi kwa mwaka husika kama umekaa nchini siku 183 au zaidi, hata kwa vipande vipande. Au kama ulikuwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mtumishi wa Serikali aliyepelekwa nje naye ni mkazi.

Lakini kinachowakamata akina shemeji ni hiki: ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukawepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka, tayari wewe ni mkazi. Nyumba Bulyaga, mke na watoto ndani yake, Krismasi ya wiki tatu. Jumlisha mwenyewe!

Mkazi hutozwa kwa mapato ya ndani na ya nje. Asiye mkazi hutozwa kwa yale yenye chanzo Tanzania tu, kama kodi ya pango ya nyumba yake ya Tukuyu.

Utalipa mara mbili?

Si lazima. Mkazi aliyelipa kodi nje anaweza kuomba ipunguzwe kwenye kodi ya hapa, mradi isizidi ile ambayo Tanzania ingetoza kwenye pato hilo. Ajabu ni kwamba asiyekatwa chochote huko, kama shemeji, hana cha kupunguziwa. Nchi kama Zambia, Afrika Kusini, India, Kanada na Sweden zina mkataba na Tanzania wa kuzuia kutozwa mara mbili. Marekani na Uingereza hazimo.

Na huko uliko nako wana hesabu zao. Marekani, mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida siku zake hazihesabiwi kwa miaka mitano ya kalenda, lakini fomu za kodi anajaza. Oman nayo imeshatangaza kodi ya mapato ya watu binafsi, 5% kwa wenye kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028.

Kaeni chini wawili

Fungueni pasipoti mhesabu siku kwa mihuri. Tunzeni mkataba, hati za mshahara na risiti za kodi ya nje. Kisha nendeni ofisi ya TRA au kwa mshauri wa kodi kabla ya Juni 30, siku ya mwisho ya ritani ya mwaka uliopita. Nendeni pamoja, maana deni likija halichagui nani alikuwa Doha na nani alikuwa Bulyaga.

Asubuhi niliwakuta mezani, pasipoti katikati, chai ya Rungwe inatoa mvuke. Shemeji alikuwa anahesabu kwa vidole. Mkewe ndiye aliyeshika kalamu.