Kujiamini katika kazi na biashara

Kujiamini katika kazi na biashara ni hali ya mtu kusadiki kwamba anao uwezo wa kufanya jambo fulani la kazi au la biashara mpaka likamilike, hata likikutana na vikwazo. Katika saikolojia hali hiyo huitwa pia imani ya kujiweza. Wataalamu wengi wanakubali kwamba imani hiyo inachangia mafanikio ya mfanyakazi na mfanyabiashara, lakini haifanyi kazi peke yake: inahitaji ujuzi, mtaji, soko na haki.

Makala hii inaeleza maana ya imani hiyo, vyanzo vyake, ushahidi wa utafiti na mipaka yake, kwa kutumia mifano kutoka Tanzania, hasa eneo la Mbwera na vijiji vingine vya delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani.

Maana

Imani ya kujiweza si sifa moja ya jumla ambayo mtu anayo au hana. Inahusu jambo mahususi. Mkazi wa Mbwera anaweza kujiamini kabisa kupitisha mtumbwi usiku katika vijito vya mikoko, maji yakiwa yanakupwa, lakini akasita kuingia benki na kuomba mkopo. Vivyo hivyo, karani hodari wa hesabu anaweza kuogopa kusimama mbele ya kikao.

Ni vema kutofautisha imani hiyo na mambo mengine yanayofanana nayo:

* Kujithamini ni jinsi mtu anavyojiona kuwa na utu na thamani. Mtu anaweza kujithamini huku akikiri kwamba kazi fulani haiwezi.
* Matarajio ya matokeo ni dhana ya mtu juu ya kitakachofuata baada ya kutenda. Mama anayekausha kamba anaweza kuamini kwamba anajua kuwakausha vizuri (kujiweza), lakini asiamini kwamba mnunuzi atampa bei nzuri (matokeo).
* Majivuno ni kudai uwezo usiokuwepo. Majivuno hayana msingi katika kazi iliyokwisha kufanyika.

Tofauti ya pili ni muhimu sana. Mtu anayeacha biashara kwa sababu haamini uwezo wake anahitaji mafunzo na mazoezi. Yule anayeacha kwa sababu anajua soko halimtendei haki hana upungufu wa kujiamini: anahitaji soko lingine au bei nyingine.

Chimbuko la nadharia

Nadharia ya imani ya kujiweza iliasisiwa na Albert Bandura (4 Desemba 1925 - 26 Julai 2021), mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Katika utafiti wake, watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka walisaidiwa kumkaribia nyoka hatua kwa hatua mpaka wakaweza kumshika. Bandura aliona kwamba badiliko kubwa halikuwa kupungua kwa hofu tu, bali watu hao kuanza kuamini kwamba wanaweza. Alichapisha nadharia hiyo mwaka 1977, akaifafanua kwa kirefu katika kitabu cha mwaka 1997.

Vyanzo vinne vya imani ya kujiweza

Kwa mujibu wa Bandura, imani hiyo hupatikana kwa njia nne.

1. Kufanya na kufaulu. Hiki ndicho chanzo chenye nguvu kuliko vyote. Anayeuza ndoo moja ya kamba wakavu akapata faida, huamini kwamba ataweza kuuza mbili. Kushindwa mapema, kabla mtu hajapata msingi, hudhoofisha imani. Kushindwa baadaye, kisha kuinuka, huikomaza.
2. Kuona wengine wakifaulu. Mfano una nguvu pale anayeigwa anapofanana na anayeiga kwa umri, hali na mazingira. Kijana wa delta hujifunza zaidi kwa jirani yake aliyenunua mashine ya boti kwa akiba ya miaka mitatu kuliko kwa habari za tajiri wa mbali.
3. Kutiwa moyo kwa maneno. Maneno ya mwalimu, mzazi au bwana mkubwa kazini husaidia, hasa yakitoka kwa mtu anayeijua kazi. Lakini sifa zisizo na ukweli hubomoka mara kazi inapoanza.
4. Hali ya mwili na hisia. Moyo kwenda mbio, jasho na usingizi kupotea, mtu huweza kuvisoma kama dalili kwamba hawezi. Akifahamu kwamba ni mambo ya kawaida kabla ya usaili au kabla ya kukutana na mnunuzi mkubwa, havimzuii.

Mpangilio huo unakubaliana na hekima ya pwani isemayo: "Usione vyaelea, vimeundwa." Jahazi halielei kwa maneno, limeundwa ubao kwa ubao.

Jinsi inavyoathiri mafanikio

Imani ya kujiweza huathiri mafanikio kwa njia zinazoonekana. Kwanza, huamua mtu ajaribu nini: asiyeamini hapeleki barua ya maombi ya kazi. Pili, huamua kiasi cha juhudi. Tatu, huamua mtu atavumilia muda gani mambo yakienda kombo. Nne, huathiri fikra: mwenye imani hutafuta kosa liko wapi, asiye nayo hujilaumu na kuacha.

Mwaka 1998 Alexander Stajkovic na Fred Luthans walichapisha mapitio ya tafiti 114 juu ya imani ya kujiweza na utendaji kazini. Walipata uwiano wa 0.38, ambapo 0 ni kutokuwepo uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Hata hivyo mapitio ya Timothy Judge na wenzake ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba ukihesabu pia akili, tabia na uzoefu wa mtu, mchango wa imani yenyewe hupungua sana. Kwa maneno mengine, sehemu ya imani ni matokeo ya uwezo ambao tayari upo.

Nchini Togo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wafanyabiashara wadogo 1,500 mjini Lomé. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara kama utunzaji wa hesabu. Kundi la pili lilifundishwa kuanzisha mambo wenyewe, kuona mbele na kutokata tamaa. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa takriban 30%, wakati ongezeko la kundi la kwanza lilikuwa dogo mno kuweza kuthibitishwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kundi la pili halikuambiwa tu "jiamini": lilizoezwa kwa vitendo katika biashara zao.

Mifano ya Tanzania

Wazo la kujiamini si geni nchini. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la mwaka 1967, Julius Nyerere alitaka shule zimjengee mwanafunzi akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kujiamini kama raia huru aliye sawa na wenzake.

Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ulioandaliwa kwa kufuata mafunzo ya Bandura kuhusu kujifunza kwa mifano. Wasikilizaji walimfuatilia Mkwaju, dereva wa lori mwenye tabia mbaya, na mkewe Tunu aliyejifunza kujitegemea. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Waliona kwamba wasikilizaji waliongeza imani kwamba wanaweza kupanga ukubwa wa familia zao.

Mfano wa tahadhari ni kipindi cha televisheni cha Ruka Juu cha mwaka 2011, kilichoonyesha vijana wakishindana katika ujasiriamali. Watafiti walifuatilia wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam walioshawishiwa kukitazama. Hamu ya biashara iliongezeka, hasa kwa wasichana. Lakini matokeo yao ya mitihani yalishuka, wachache zaidi waliendelea na masomo, na haukupatikana ushahidi wa kutosha kwamba walianzisha biashara nyingi zaidi. Hamu ilitangulia, njia haikuwepo.

Utafiti mwingine wa Dar es Salaam ulihusu wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE waliopewa mafunzo ya biashara. Wanaume waliongeza mapato. Wanawake walijifunza, lakini mapato yao hayakupanda. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni majukumu ya nyumbani na kutokuwa na uhuru wa kuamua.

Delta ya Rufiji

Wakazi wa delta huishi kwa uvuvi wa samaki na kamba, kilimo cha mpunga na mazao ya mikoko. Usafiri kati ya vijiji vingi ni wa majini na hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Kwa hiyo mfanyabiashara hukutana na wanunuzi wachache, na bidhaa yake huharibika upesi. Mafuriko nayo huweza kufuta kazi ya msimu mzima, kama ilivyotokea katika wilaya za Rufiji na Kibiti Aprili 2024. Katika mazingira hayo, kumlaumu aliyeanguka kwamba hakujiamini ni kumwongezea mzigo usio wake.

Delta inatoa pia mfano wa kile ambacho Bandura alikiita imani ya kujiweza ya pamoja, yaani watu kuamini kwamba wakishirikiana wataweza. Mnamo mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa mabwawa ya kufugia kamba katika delta. Wakazi wengi, wakiungwa mkono na wanasheria na waandishi wa habari wa mazingira, waliupinga na kwenda Mahakama Kuu. Mradi huo haukujengwa. Matatizo ya fedha ya mwekezaji yalichangia, lakini wanavijiji walikwisha kuonyesha kwamba sauti yao ina uzito.

Mipaka na njia za kuijenga

Imani iliyozidi uwezo ina madhara: mtu hukopa kupita kiasi, hupuuza ushauri, au huacha kujiandaa kwa kuwa anajiona amekwisha kufika. Imani bora ni ile inayozidi uwezo wa sasa kidogo tu, kiasi cha kumsogeza mtu mbele.

Njia zinazofaa kuijenga ni hizi:

* Kuanza na lengo dogo linalopimika, kwa mfano kuuza kiasi fulani kwa mwezi, kisha kuongeza.
* Kutunza daftari la mapato na matumizi. Daftari humwonyesha mtu alichokwisha kuweza, na humzuia kujidanganya.
* Kujifunza kazi kwa mtu anayeifanya katika mazingira yaleyale.
* Kujiunga na kikundi cha kuweka na kukopa. Anayelipa mkopo mdogo wa kikundi hupata uzoefu wa kukabili mkubwa zaidi, kama ule wa halmashauri, ambao sheria hutenga 10% ya mapato ya ndani: 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana na 2% kwa watu wenye ulemavu.
* Kwa walimu na wazazi, kusifu kazi iliyofanyika na njia iliyotumika, badala ya kusifu kipaji peke yake.

Baada ya kushindwa, swali la kwanza liwe ni kipi kilichokosekana: ujuzi, mtaji, soko au imani. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine.